Fahamu Kuhusu Ujenzi wa Mifumo ya TEHAMA kwa Kompyuta Zilizopitwa na Wakati

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha rasmi huduma ya kawaida ya maboresho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ulioingia sokoni Julai 2015. Kwa mwananchi wa Nyakitonto, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma kati ya Kasulu na Kibondo, taarifa hiyo yaweza kuonekana kuwa ya mbali na isiyomhusu. Hata hivyo, kompyuta iliyo mezani kwa mtumishi wa umma ndiyo inayopokea taarifa za mgonjwa, kutunza orodha ya wanafunzi, kuandaa ankara ya leseni ya biashara na kupeleka makao makuu takwimu ambazo bajeti ya kijiji hutegemea. Kompyuta hiyo ikishindwa kufungua mfumo, anayesubiri dirishani ni mwananchi.

Makala haya yanaeleza kwa nini mifumo endeshi huzeeka, jinsi hali hiyo inavyoathiri ujenzi wa mifumo ya TEHAMA katika taasisi kubwa, njia ambazo Tanzania imezichukua, pamoja na wajibu wa mtumishi na wa mwananchi.

Mfumo endeshi na sababu za kuzeeka kwake

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima. Hugawa kumbukumbu, husoma na kuandika mafaili, huwasiliana na printa na mtandao, na huzipa programu nyingine zote mahali pa kufanyia kazi. Programu ya uhasibu au ya kusajili wagonjwa haigusi vifaa moja kwa moja, bali huomba huduma kwa mfumo endeshi, nao huitimizia ombi hilo.

Tofauti na jembe, ambalo huchakaa kwa kulimia, mfumo endeshi hauchakai kwa kutumiwa. Huzeeka kwa sababu dunia inayouzunguka hubadilika. Kila mwaka wataalamu na wadukuzi hugundua kasoro mpya ndani yake, na mtengenezaji hutoa viraka vya kuziba kasoro hizo. Muda uliopangwa unapokwisha viraka husitishwa. Kompyuta huendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana, lakini kasoro itakayogunduliwa kesho haitazibwa.

Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilifikia ukomo huo tarehe 8 Aprili, 2014. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, iliufikia tarehe 14 Januari, 2020. Mifumo endeshi ya chanzo huria nayo ina ukomo. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, kwa mfano, hupewa matunzo ya kawaida kwa miaka 5. Kwa hiyo, suala hili si la kampuni moja wala la mfumo unaonunuliwa pekee.

Kwa nini kompyuta za zamani huendelea kutumika

Sababu ya kwanza ni gharama. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inahitaji kichakato cha kizazi cha karibuni cha biti 64, kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64 na kijenzi maalumu cha usalama katika ubao mama. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti hayo hata kama bado ni nzima. Kuhama kunamaanisha kununua mashine mpya, si kubadili programu pekee.

Taasisi isiyo tayari kuhama inaweza kununua muda wa ziada. Kwa Windows 10, bei iliyotangazwa kwa taasisi ni dola 61 za Marekani kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka 3. Atakayelipa miaka yote mitatu atakuwa ametumia dola 427 kwa kompyuta moja, kiasi kinachokaribia bei ya kompyuta mpya ya ofisini. Serikali ya Uingereza ilipitia njia hiyo mwaka 2014, ilipolipa takribani pauni milioni 5.5 ili Windows XP iendelee kupewa viraka kwa mwaka mmoja katika ofisi zake.

Sababu ya pili ni vifaa na programu zilizofungamana na mfumo wa zamani. Mashine ya maabara, mzani wa kielektroniki au printa ya stakabadhi inaweza kuwa na programu ya kuiunganisha iliyoandikwa kwa ajili ya Windows 7 tu, ilhali mtengenezaji wake hakutoa nyingine. Kubadili kompyuta hapo ni sawa na kutupa mashine nzima.

Sababu ya tatu ni mazingira. Kabla ya Mkoa wa Kigoma kuunganishwa na Gridi ya Taifa, miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilitegemea umeme wa majenereta ya mafuta. Katika mazingira ya namna hiyo, kompyuta iliyozoeleka na inayojulikana namna ya kutengenezwa ina thamani yake. Vilevile, kupakua maboresho makubwa kwa intaneti ya simu ni gharama ambayo kituo kidogo cha huduma hukiweka nyuma ya mahitaji mengine.

Programu mpya inapokutana na mfumo wa zamani

Wajenzi wa mifumo hukumbana na vikwazo vya aina nne.

Cha kwanza ni huduma zisizokuwepo. Programu iliyojengwa kwa zana za kisasa huomba huduma ambazo mfumo wa zamani hauzijui, na matokeo yake haifunguki kabisa. Kinyume chake, programu iliyojengwa kwa kulenga mfumo wa zamani kwa kawaida hufanya kazi pia katika mfumo mpya. Ndiyo maana mjenzi makini huanza kwa kubaini mfumo mkongwe zaidi atakaouhudumia, kisha hujenga kwa kipimo cha huo.

Cha pili ni zana zenyewe. Lugha ya programu ya Python iliiacha Windows XP baada ya toleo la 3.4, na kuiacha Windows 7 baada ya toleo la 3.8. Kivinjari cha Chrome kiliiacha Windows 7 baada ya toleo la 109, lililotoka Januari 2023. Mjenzi anayelazimika kuhudumia mashine hizo hulazimika pia kutumia zana ambazo nazo hazipati tena viraka. Ukongwe wa mfumo endeshi hivyo huambukiza programu mpya iliyojengwa juu yake.

Cha tatu ni mawasiliano salama. Kivinjari kinapofungua tovuti ya Serikali, pande mbili hukubaliana namna ya kuficha taarifa zinazopita njiani, na tovuti hutoa cheti cha kidijitali cha kuthibitisha utambulisho wake. Mwaka 2020 vivinjari vikuu vilianza kukataa mbinu za zamani za ufichaji, na seva nyingi zikafanya hivyo pia. Tarehe 30 Septemba, 2021 cheti mama kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti duniani kilifikia ukomo wake, na vifaa vya zamani ambavyo havikuwa na cheti mbadala vikaanza kuzikataa tovuti zilizokuwa salama.

Kasoro ndogo huweza kuleta matokeo yaleyale. Kompyuta ya zamani iliyoishiwa betri ndogo ya ubao mama husahau tarehe kila umeme unapokatika. Ikiwaka ikidhani ni mwaka 2009, hukiona cheti cha tovuti kuwa bado hakijaanza kutumika na hukataa kuifungua. Mtumishi huripoti kuwa mtandao ni mbovu, ilhali tatizo ni betri ya bei ndogo na saa iliyopotea.

Cha nne ni uwezo wa mashine. Kompyuta yenye mfumo endeshi wa biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4. Ukurasa uliojaa picha na michoro, unaofunguka kwa sekunde moja katika ofisi ya mjenzi, unaweza kuikwamisha kabisa mashine ya namna hiyo.

Funzo la Mei 2017

Hatari kubwa kuliko zote ni ya usalama. Tarehe 14 Machi, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro katika sehemu ya Windows inayoshughulikia ugawanaji wa mafaili. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika kasoro hiyohiyo, kikafunga mafaili ya wahanga na kudai fidia ili kuyafungua. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takribani 150 ziliathirika.

Nchini Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilibaini kuwa taasisi 80 kati ya 236 za huduma za afya katika England ziliathiriwa, na miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilikadiriwa kufutwa. Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa Windows XP, miaka 3 baada ya kuiondoa katika huduma.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa za Windows XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikipewa viraka, lakini wahusika hawakuwa wameviweka. Kununua kompyuta mpya pekee hakuleti usalama. Kompyuta mpya isiyowekewa viraka iko katika hatari sawa na ya zamani.

Njia iliyochukuliwa na Tanzania

Kwa miaka mingi mifumo ya taasisi za umma ilisimikwa katika kila kompyuta peke yake. Mfumo wa kuandaa mipango na bajeti za halmashauri, PlanRep, ni mfano unaoeleweka. Awali ulikuwa programu ya kusimikwa kwenye kompyuta, na wataalamu wa halmashauri walisafiri na mafaili yao hadi mahali pa kuunganishia taarifa. Septemba 2017 Serikali ilizindua mjini Dodoma PlanRep iliyoboreshwa, inayotumika kwa njia ya kivinjari, pamoja na mfumo wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha wa vituo vya kutolea huduma, FFARS.

Mabadiliko hayo yalihamisha mzigo. Mfumo unapokuwa kwenye seva, kazi nzito hufanyika huko, na kompyuta ya mtumishi hubakiwa na jukumu la kufungua ukurasa. Seva hutunzwa na wataalamu wachache mahali pamoja na kuwekewa viraka kwa wakati. Marekebisho yakifanywa leo, halmashauri zote huyapata leo, bila afisa TEHAMA kuzunguka na diski mkononi.

Mwelekeo huohuo umeonekana katika Mfumo wa Serikali wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Mapato, GePG, ulioanza mwaka 2017. Mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa simu, kwa wakala au benki, bila malipo hayo kutegemea uzima wa kompyuta ya ofisi husika. Kwa upande wa malipo ya Serikali, mfumo wa MUSE uliojengwa na wataalamu wa ndani ulichukua nafasi ya mfumo wa Epicor ulionunuliwa nje ya nchi. Mfumo unaojengwa na wataalamu wa ndani una faida moja mahususi katika mada hii, nayo ni kwamba msimbo wake uko mikononi mwa Serikali na unaweza kurekebishwa bila kusubiri mtengenezaji wa nje.

Misingi ya kisheria nayo imewekwa. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ikichukua nafasi ya Wakala ya Serikali Mtandao iliyoanza mwaka 2012. Mamlaka hutoa viwango na miongozo ya TEHAMA, na taasisi za umma hutakiwa kuwasilisha kwake miradi ya TEHAMA kabla ya kuitekeleza. Utaratibu huo husaidia kuuliza mapema iwapo mfumo unaopendekezwa utafanya kazi katika vifaa vilivyopo vituoni, na nani atautunza.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa binafsi kuzilinda dhidi ya upotevu, uharibifu na ufikiwaji usioruhusiwa. Taarifa za mama mjamzito au za mgonjwa zilizo katika kompyuta isiyopata viraka haziwezi kuelezwa kwa urahisi kuwa zimelindwa.

Mbinu zinazokubalika kitaalamu

Pale ambapo kompyuta za zamani haziwezi kuondolewa mara moja, wataalamu hupendekeza mbinu zifuatazo.

Kwanza, orodha kamili ya vifaa. Taasisi ijue ina kompyuta ngapi, zina mfumo endeshi gani, ziko wapi na zinafanya kazi gani. Bila orodha hiyo, mjenzi hukisia, na mara nyingi hukisia kwa kuangalia kompyuta za makao makuu.

Pili, kutenganisha. Kompyuta ya zamani inayoendesha mashine ya maabara iondolewe kwenye intaneti na iwekwe katika mtandao wake mdogo. Taarifa zitoke kwa njia moja iliyodhibitiwa. Mashine hiyo isitumike kufungua barua pepe wala kusoma diski mweko za wageni.

Tatu, kurasa nyepesi. Mfumo wa kivinjari uandikwe kwa namna ambayo kazi ya msingi, yaani kusajili, kutafuta na kuchapa, inawezekana hata katika mashine dhaifu. Mapambo yawe ya ziada kwa wenye uwezo wa kuyaona.

Nne, kufanya kazi bila mtandao. Katika maeneo yenye mawasiliano yanayokatika, mfumo uruhusu kuingiza taarifa na kuzihifadhi kwa muda, kisha kuzipeleka mtandao unaporejea, bila kumbukumbu moja kuingizwa mara mbili. Katika sekta ya afya, vitabu vya MTUHA vinavyojazwa kwa mkono kituoni kabla ya takwimu kuingizwa katika mfumo wa DHIS2 vimedumu kwa sababu kama hiyo, kwani karatasi haikatiki umeme.

Tano, kutolegeza ulinzi wa seva. Kishawishi hujitokeza cha kurudisha mbinu za zamani za ufichaji ili mashine chache kongwe ziweze kuingia. Kufanya hivyo hudhoofisha ulinzi wa watumiaji wote. Ni nafuu kuzipatia mashine hizo chache kivinjari kinachokubalika au kuzibadilisha.

Sita, kupima kwa mashine halisi. Mfumo ujaribiwe katika kompyuta yenye umri na kasi ileile ya mtandao iliyopo kijijini kabla ya kutangazwa kuwa uko tayari.

Mbinu hizi hununua muda, lakini haziondoi haja ya kuhama. Kila mwaka unaopita, gharama ya kuendelea kuhudumia mfumo wa zamani huongezeka na idadi ya wataalamu wanaoufahamu hupungua. Kwa hiyo, tarehe ya ukomo wa huduma iandikwe katika daftari la mali siku kifaa kinaponunuliwa, na fedha za kukibadilisha zitengwe kabla ya tarehe hiyo kufika. Tarehe hizo hutangazwa miaka kadhaa kabla, hivyo ni vigumu kuziita dharura.

Iwapo mashine bado ni nzima lakini haikidhi masharti ya mfumo mpya wa kibiashara, taasisi inaweza kufikiria mfumo endeshi wa chanzo huria. Kwa mtumishi anayetumia kivinjari pekee, mabadiliko huwa madogo. Mafunzo hata hivyo ni ya lazima, na programu zote muhimu zihakikiwe kwanza.

Vishikwambi na simu

Suala hili haliishii kwenye kompyuta za mezani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, ambavyo baadaye vilikabidhiwa kwa walimu na sekta nyingine kwa ajili ya kazi za kila siku. Vifaa vinavyotumia mfumo endeshi wa Android hupokea maboresho kwa muda uliopangwa na mtengenezaji, kisha husita kama kompyuta. Wajenzi wa programu za elimu na afya wanaotegemea vifaa hivyo wanapaswa kupanga kuanzia sasa toleo la chini kabisa watakalolihudumia na hadi lini, ili mwalimu wa shule ya pembezoni asiamke siku moja akakuta programu haifunguki tena.

Wajibu wa mtumishi na wa mwananchi

Mtumishi anayetumia kompyuta ya umma anakumbushwa kuruhusu maboresho pale yanapojitokeza badala ya kuyaahirisha kila siku, kuhakikisha tarehe na saa ni sahihi, kutosimika programu za njia za panya, na kuhifadhi nakala ya kazi muhimu mahali pengine palipoidhinishwa. Onyo la kivinjari kuhusu usalama wa tovuti liripotiwe kwa afisa TEHAMA na lisipuuzwe. Kabla ya kompyuta kuuzwa au kuteketezwa, diski yake ifutwe kitaalamu au iharibiwe, kwani faili lililofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurejeshwa.

Mwananchi naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwaje. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, malalamiko huweza kuwasilishwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anapoelezwa dirishani kuwa mfumo uko chini, ni haki yake kupewa utaratibu mbadala na kuelezwa lini arejee. Mkulima aliyetembea kutoka kijijini hadi ofisi ya kata, akaacha shamba la maharage wakati wa palizi, hana namna ya kujua iwapo kilichomrudisha ni seva, kivinjari au betri ya ubao mama. Anachojua ni kwamba siku yake imepotea.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha mfumo wa umma kianzie kwenye kompyuta ya mwisho kabisa katika orodha ya vifaa, na si kwenye kompyuta iliyo bora kuliko zote. Mfumo unaofunguka jijini Dodoma na kugoma Nyakitonto bado haujakamilika, na mfumo unaofunguka kote huku ukiacha milango wazi kwa wadukuzi haujakamilika pia. Kazi ya mjenzi, ya mpangaji wa bajeti na ya mtumishi wa kituoni ni kuhakikisha mambo hayo mawili yanatimia kwa pamoja.